Nyumba ya Babu Imepotea: Je, Twaweza Kujichagulia Nyingine?

Wazee wetu husema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii twaitumia sana katika mambo ya fedha na biashara, lakini leo nataka tuitazame katika jambo jingine, nalo ni nyumba. Nyumba nayo ni mali, tena ni mali yenye kumbukumbu, maana ndani yake watu huzaliwa, huoana, huugua na kufa. Ikiisha kubomoka, na waliokaa humo wakiisha kwenda zao, itajulikanaje ya kuwa ilikuwapo? Na mjukuu aitafutaye asipoiona, je, ana ruhusa ya kusema, "Ilikuwa pale," hali hajui?

Swali hili halikunijia kwa kusoma vitabu. Lilinijia kwa aibu. Siku moja nilikuwa nikitembea na watoto wangu upande wa mahame ya kijiji chetu cha zamani, na mdogo wao akaniuliza, "Baba, nyumba ya babu yako ilikuwa wapi?" Kwa kweli sikujua. Nyumba ya babu ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa kwa nyasi, nayo ilikwisha rudi udongoni kabla sijazaliwa. Lakini karibu na pale tuliposimama palikuwa na msingi wa mawe, na ngazi mbili, na mwembe mkubwa mbele yake. Nikanyosha mkono nikasema, "Pale." Watoto wakafurahi mno, wakakimbia kuzipanda zile ngazi.

Jioni habari ikamfikia shangazi yangu mzee. Akaniita kando, akasema kwa upole, "Mwanangu, ule msingi ni wa watu wengine, nao wana wajukuu. Babu yako hakuwa na ngazi." Nikamwuliza, "Basi shangazi, nyumba yetu ilikuwa wapi?" Akanijibu, "Chini ya kisima, kati ya nyumba ya mhunzi na shamba la mihogo. Zaidi ya hapo sikumbuki, maana nilikuwa mdogo. Lakini wewe hukuniuliza hata siku moja."

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za watu watafutao nyumba za babu zao, nipate kujua wenye akili hufanyaje wanapokosa kuona jiwe wala nguzo. Nchi iliyonifundisha zaidi ni Ireland, kisiwa kilicho upande wa magharibi wa Uingereza. Msomaji asishangae kwamba nampeleka mbali. Katika nchi ile maskini wa zamani walikaa katika nyumba ambazo wazee wetu wangezitambua mara moja, za kuta za udongo na paa la nyasi; nyumba hizo zilipotea kwa maelfu; na serikali ilikuwa na desturi ya kuhesabu si watu tu, bali na nyumba zao. Kwa hiyo hapo twaweza kuona vema daftari laweza nini, na haliwezi nini.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 1841 nyumba za Ireland ziligawanywa madaraja manne. Daraja la nne, lililo la chini kabisa, lilikuwa la vibanda vya udongo vyenye chumba kimoja. Vibanda hivyo vilikuwa karibu nusu milioni, na watu wote wa kisiwa walikuwa zaidi ya milioni 8. Mwaka 1845 ugonjwa ukaingia katika viazi, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Njaa ikafuata, na maradhi pamoja nayo. Watu wapata milioni moja walikufa, na wengine wengi wakapanda meli kwenda Marekani, Kanada na Uingereza. Mwaka 1847 ilitolewa sheria ya kwamba mtu mwenye ardhi iliyozidi robo ya eka asipewe msaada wa serikali. Basi wengi wakaiacha ardhi ili wale, na wenye mashamba makubwa wakazibomoa nyumba zao wasipate kurudi. Hata ilipofanywa hesabu ya mwaka 1851, watu walikuwa wamebaki kama milioni 6 na nusu, na vile vibanda vya daraja la nne vilikuwa vimepungua hata kufikia kama 135,000. Nyumba zaidi ya laki tatu na nusu zilitoweka katika muda wa miaka kumi.

Wajukuu na vitukuu vya waliosafiri ni wengi sana leo katika nchi za ng'ambo. Wengine wana shule na mali, na wengi wao hutaka kujua nyumba ya babu yao ilisimama wapi. Lakini waanzapo kutafuta hukuta msiba wa pili. Mabuku ya hesabu za miaka 1821, 1831, 1841 na 1851 yalikuwa yamewekwa katika nyumba ya hati mjini Dublin. Na tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ile ililipuka na kuungua, na mabuku yakateketea, yakabaki machache tu. Mabuku ya 1861 na 1871 yalikuwa yamekwisha haribiwa kwa amri ya serikali. Na yale ya 1881 na 1891 yalisagwa wakati wa vita kuu ya 1914 hata 1918. Hivi, hesabu za kwanza za nchi nzima ambazo twaweza kuzisoma zote, nyumba kwa nyumba, ni zile za mwaka 1901 na 1911. Hizo zimewekwa kwenye intaneti, na mtu yeyote aweza kuzisoma bila kulipa.

Sasa tutazame jinsi nyumba zilivyoandikwa. Kazi ya kuhesabu walipewa hasa askari polisi, kwa sababu waliijua mitaa yao. Askari alipita kitongoji kwa kitongoji, na zaidi ya karatasi ya majina ya watu alijaza karatasi nyingine ya nyumba. Kwa kuta aliandika 1 zikiwa za mawe au matofali, na 0 zikiwa za udongo au miti. Kwa paa aliandika 1 likiwa la vigae au bati, na 0 likiwa la nyasi. Kisha vyumba vilipewa tarakimu yake, na madirisha ya mbele yakahesabiwa. Tarakimu hizo zikajumlishwa, na jumla yake ikaonyesha daraja la nyumba. Nyumba ya udongo na nyasi, yenye chumba kimoja na dirisha moja, ilipata jumla ya 2, ikawekwa daraja la nne. Tena paliandikwa jina la mwenye shamba ambalo nyumba ilisimama ndani yake.

Mtu akiona karatasi hiyo mara ya kwanza hudhani ya kuwa kazi imekwisha, maana kila nyumba ina namba yake. La, hasha! Namba ile ni ya mpango wa mwandishi tu, si namba ya nyumba yenyewe. Yule aliyehesabu mwaka 1901 aliweza kuanza upande huu wa kitongoji, na yule wa 1911 akaanza upande ule. Nyumba iliyokuwa ya 3 ikawa ya 11, wala haikusogea hata hatua moja. Wengi hujikwaa hapo, wakaenda wakasimama mbele ya nyumba ya watu wasiowahusu kabisa.

Basi mtafutaji mwenye subira hufuata njia nyingine, nayo ni njia ya majirani. Aandika majina ya walioandikwa kabla ya babu yake na baada yake katika orodha. Atazama mwenye shamba ni nani. Kisha achukua buku jingine, la uthamini wa ardhi, lililotengenezwa kati ya miaka 1847 na 1864, ambalo kila shamba lililotajwa ndani yake lina namba inayolingana na namba katika ramani. Baada ya buku hilo makarani waliendelea kusahihisha miaka mingi, wakikata jina la aliyeondoka na kuandika la aliyeingia kwa wino wa rangi nyingine. Kwa kuwafuata majirani mmoja mmoja, toka wino hata wino, hufika katika kipande kimoja cha ramani. Pengine katika ramani ya zamani, iliyochorwa kwa kipimo cha inchi sita kwa maili moja, huona alama ndogo nyeusi, kama punje ya mtama. Hiyo ni nyumba. Aendapo mahali penyewe huona majani na ng'ombe.

Nasema, hapa ndipo penye jaribu. Tumfikirie mtu aliyesafiri kutoka ng'ambo kwa gharama nyingi, ameleta watoto wake, na anataka kupiga picha. Daftari lamwambia ya kuwa nyumba ya babu yake ilikuwa na kuta za udongo, nayo ilikuwa katika shamba lile ambalo sasa ni malisho matupu. Lakini kando ya njia, hatua mia mbili kutoka hapo, pana gofu zuri la mawe, lina mlango na mahali pa moto, na maua ya mwituni yameota ndani yake. Hapana mtu wa kumkanya. Wenye gofu wamekwisha sahauliwa. Moyo wamwambia, "Sema ni hili. Ni karibu vilevile. Nani atadhurika?"

Hoja hiyo si ya kudharauliwa, wala mimi niliyepandisha watoto ngazi za watu siwezi kuicheka. Mwenye kuitetea atasema hivi: wafu hawana haja ya mawe, jambo lililo kubwa ni heshima iliyo moyoni, na moyo wahitaji mahali pa kusimama. Kaburi tupu hujengewa mtu aliyezama baharini, wala hatusemi ya kuwa ni uongo. Kwa nini basi asichague gofu moja liwe ukumbusho?

Najibu ya kuwa kaburi la aliyezama ni halali kwa sababu kila mtu ajua ya kuwa ni tupu. Aliyelijenga hakusema, "Mwili umo." Na huyu wa gofu, kama angesema, "Nasimama hapa kwa kuwa pa kwetu hapaonekani tena," asingekuwa na kosa lo lote. Kosa ni neno moja tu, "Ni hili." Neno hilo laleta hasara tatu.

Hasara ya kwanza yampata babu mwenyewe. Tumfanyapo mtu wa nyumba ya udongo kuwa mtu wa nyumba ya mawe, twajionyesha ya kuwa twaonea haya umaskini wake. Twasema twamheshimu, kumbe tunayemheshimu ni mtu mwingine tuliyemtunga sisi. Yule aliyekesha akiziba nyufa za ukuta kwa udongo mbichi, watoto wasipigwe na baridi, yeye twamwacha nje ya mlango. Tena watu wa daraja la nne ndio waliokufa wengi katika njaa ile, na nyumba zao ndizo zilizobomolewa. Tukizihamisha habari zao katika magofu ya mawe, hata kosa walilotendewa halitaonekana tena, maana gofu la mawe bado linasimama, na mtu aweza kuuliza, "Ni nani aliyewabomolea?"

Hasara ya pili yawapata wenye gofu. Nao walikuwa na majina, na yamkini wajukuu wao wako njiani wakitafuta. Mwivi wa mbuzi twamkamata na kumpeleka barazani. Mwivi wa kumbukumbu hapana amkamataye, lakini wenye mali wamepungukiwa vilevile.

Hasara ya tatu yawapata watoto. Mtoto aliyeambiwa uongo juu ya nyumba ya babu ataupokea kwa imani, ataupeleka kwa mtoto wake, na baada ya vizazi viwili hapatakuwa na mtu wa kuusahihisha. Wangu walikuwa na bahati, maana shangazi alikuwa hai. Wangapi hawana shangazi?

Wasomaji wa Maandiko watakumbuka habari iliyo katika kitabu cha Ezra, sura ya pili. Watu walipotoka uhamishoni Babeli kurudi kwao waliandikwa kwa mbari zao na miji yao. Lakini walikuwako watu 652 ambao hawakuweza kuonyesha nyumba za baba zao. Tena walikuwako wengine waliodai ukuhani, wakatafuta maandiko ya nasaba yao, yasionekane. Nao wakazuiliwa katika kazi ya ukuhani hata apatikane wa kuamua. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Wale 652 hawakufukuzwa. Walihesabiwa pamoja na wenzao, wakapanda njia moja nao. Lakini mwandishi hakuwapa nyumba ya kubuni ili orodha ipendeze. Aliandika ya kuwa hawakuweza kuonyesha, na hivyo ndivyo tunavyosoma hata leo. Naona hapo mambo mawili yamekaa pamoja bila kugombana, ukweli na ukaribisho. Mtu aweza kukosa ushahidi wa nyumba ya baba yake, na bado akawa mtu wa nyumbani.

Lakini tusilisifu daftari kupita kiasi. Wazee walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani," na yule askari alihesabu madirisha ya mbele tu. Hakuuliza kama wageni walipewa chakula, wala kama usiku watu waliimba au walilia. Mwaka 1911 karatasi iliwauliza wake za watu wamezaa watoto wangapi walio hai, na wangapi wamesalia. Mtu asomaye tarakimu hizo mbili, mathalan 9 na 5, aona ya kuwa mama huyo alizika wanne. Lakini majina ya wanne hao hayamo. Daftari ni shahidi mwaminifu mwenye maneno machache. Sisi tusimlazimishe kusema zaidi ya aliyoyaona, wala tusimkatize katika yale ayajuayo.

Na liko jambo moja la ajabu katika habari za Ireland ambalo lapenda kunifariji. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya kuwapa wazee maskini waliofika miaka 70 posho isiyozidi shilingi 5 kwa juma, nayo ikaanza kulipwa Januari 1909. Lakini mzee ataonyeshaje umri wake? Vizazi vyote vilianza kuandikwa na serikali mwaka 1864 tu. Basi wazee wakaomba watafutiwe katika mabuku ya 1841 na 1851, waonekane walikuwa watoto katika nyumba ya nani. Karani alitafuta, na alipoona, alinakili katika karatasi majina ya baba na mama na ndugu. Miaka michache baadaye mabuku yakaungua, lakini nyingi katika karatasi zile za maombi zimebaki. Mzee aliyeomba shilingi tano za kununulia chakula ndiye aliyewaokoa jamaa zake wasisahauliwe, wala hakujua. Wakubwa walijenga jumba la kutunza hati, likaungua. Na karatasi ya maskini mwenye njaa ikabaki.

Basi tufanye nini sisi? Kwetu nako nyumba zimehesabiwa. Katika Tanzania, sensa ya mwaka 2022 ilikuwa pamoja na hesabu ya majengo, na makarani waliwauliza watu habari za nyumba zao. Nimesikia watu wakijisifu ya kuwa walimwambia karani mambo yasiyo kweli, wengine wakizidisha kwa majivuno, wengine wakipunguza kwa hofu. Ndugu zangu, aandikishaye uongo leo amwibia mjukuu wake ambaye hajazaliwa. Ukuta wako ukiwa wa udongo, sema ni wa udongo. Hapana aibu katika udongo. Aibu imo katika kumwachia mtoto kivuli akishike kama nguzo.

Tena tusingoje karani. Kila nyumba yaweza kuwa na daftari lake dogo, hata la kurasa kumi, litajalo majina ya wazee, mahali walipokaa, na hasa majirani zao, maana tumeona ya kuwa nyumba iliyopotea hupatikana kwa majirani. Na mambo tusiyoyajua tuyaandike hivyohivyo, "Hapa hatujui," ili anayetufuata asikute mlango wa uongo.

Mimi nimeanza. Jumapili moja niliwachukua watoto, nikamchukua na shangazi kwa mkono, tukaenda mpaka chini ya kisima. Mhunzi hayupo, lakini taka za chuma cheusi zimo ardhini bado, na shamba la mihogo lajulikana na wenyewe. Tukasimama katikati. Nikawaambia watoto, "Siku ile niliwadanganya kwa kuwa niliona haya kusema sijui. Nyumba ya babu yangu ilikuwa kati ya hapa na pale. Ilikuwa ya udongo. Mahali penyewe hasa hatupajui." Mdogo akatazama huku na huku, haoni kitu. Kisha akauliza, "Basi labda nimesimama ndani?" Shangazi akacheka, akamjibu, "Labda umesimama ndani, mjukuu wangu. Vua viatu."